Viti Vitatu vya Ndege ya Pemba

Mtaani kwetu Makorora, Tanga, watu wengi wanaamini mimi ni rubani. Baba ameshawaeleza mara nyingi kwamba sirushi ndege, nazipangia safari tu, lakini namna anavyoeleza, kifua mbele, haisaidii. "Binti yangu ndiye anayeamua ndege ipi iende wapi," husema, na jirani yetu muuza mkaa humjibu, "Basi atuletee moja hapa uwanja wa shule, nikamtazame shangazi yangu Muheza."

Ukweli ni kwamba nilimaliza chuo Dar es Salaam na shahada ya takwimu, nikakaa nyumbani mwaka mzima nikituma maombi ya kazi, kisha kampuni moja ya ndege, si kubwa, ikanichukua kwa majaribio ya miezi sita katika ofisi yake ya ratiba. Ofisi hiyo ina watu wawili: meneja, ambaye ni mtu mpole anayekunywa chai bila sukari, na mimi. Ukutani hakuna picha ya ndege hata moja. Kuna jedwali kwenye kompyuta, mstari mmoja kwa kila safari: inakotoka, inakokwenda, saa ya kuruka, na mwisho kabisa safu fupi iliyoandikwa "aina". Tunalipwa kwa ajili ya safu hiyo.

Kampuni ina aina tatu za ndege. Kuna ya viti hamsini, ya miji yenye njia ndefu ya kurukia. Kuna ya viti kumi na mbili, ya injini moja, inayoweza kutua karibu popote penye udongo ulioshindiliwa vizuri. Na kuna ya viti tisa, yenye injini mbili ndogo na kelele nyingi, ambayo mafundi huiita Mzee. Nilipoanza kazi nilidhani mambo ni mepesi: watu wengi wapewe kubwa, wachache wapewe ndogo. Meneja alinisikiliza, akaniuliza swali moja moja. Njia ya kule ina urefu gani? Ndege itaruka saa ngapi, maana hewa ya mchana wa joto hainyanyui kama ya asubuhi? Kule kuna mafuta, au itabeba na ya kurudia? Rubani mwenye leseni ya aina hiyo yuko zamu? Ikiharibika, fundi wake yuko mji gani? Nilipokwama kwenye swali la tatu akacheka kidogo. "Fikiria kiatu," akasema. "Huulizi kikubwa ni kipi. Unauliza kinamtosha nani."

Mimi ni mtu wa kuhakikisha mara tatu. Nikifunga mlango hurudi kukishika kitasa. Barua pepe yangu ya kwanza kwa meneja niliibadilisha salamu mara nne, nikiogopa hii ni ya kujipendekeza na ile ni ya ukavu, mwisho nikaituma bila salamu kabisa, kisha nikashindwa kula mchana. Kwa hiyo maswali yale matano niliyaandika kwenye karatasi, nikaibandika kando ya kioo cha kompyuta, na kila safu ya "aina" niliyoigusa niliipitisha hapo. Nilikuwa na hakika kwamba hakuna kosa litakalopenya.

Mwezi wa nne wa majaribio, meneja alinipa kazi yangu ya kwanza ya kuifanya peke yangu. Msimu wa watalii ulikuwa unakaribia, na mbugani walihitaji ndege moja zaidi ya viti kumi na mbili. Nitafute njia ambayo ndege hiyo inaruka na viti vitupu, niipendekezee ile ya viti tisa, na ripoti iwe tayari kwa kikao cha wakuu cha Jumatatu.

Niliipata siku ya pili: Tanga kwenda Pemba. Nilipekua miezi yote iliyokuwamo kwenye kompyuta. Abiria wanane, tisa, tisa, wanane, tisa. Hawakuwahi kufika kumi. Viti vitatu vilikuwa vinakwenda Pemba na kurudi bila mtu, siku baada ya siku.

Niliumia moyoni, kwa kuwa ni kwetu. Na kwa kuwa ni kwetu, niliogopa kuonekana napendelea. Kwa hiyo nikaandika kwa ukali zaidi kuliko ambavyo ningeiandikia njia ya wageni: "Mahitaji ya njia ya Tanga–Pemba hayazidi abiria tisa. Ndege ya viti tisa inatosha." Alhamisi meneja alizisoma kurasa zangu mbili akiwa amesimama. Akasema, "Kazi safi." Maneno hayo mawili nilisafiri nayo Ijumaa hadi Tanga.

Jumamosi asubuhi nilimsindikiza bibi uwanjani. Ni bibi mzaa mama, mwenyeji wa Kigombe, na alikuwa anakwenda Pemba kwenye harusi ya mjukuu wa dada yake, nikaha Jumapili baada ya alasiri. Mjomba ndiye aliyepiga simu kumtafutia nafasi. Aliambiwa ndege imejaa, lakini jina limeandikwa la kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri, aje tu. Bibi alikuja. Alikuja na kikapu cha machungwa ya Muheza, doti mbili za kanga za bibi harusi, na sufuria ya pilau ambayo alikataa kueleza kwa nini Pemba isingepatikana nyingine.

"Mke mwenzangu," aliniambia tukiwa kwenye benchi, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, "wewe si ndiye mwenye ndege? Hebu waambie wanipe kiti cha dirishani."

"Bibi, mimi wa ratiba tu."

"Ratiba ndiyo nini? Si ndiyo ndege?"

Abiria wakaitwa. Niliwahesabu wakivuka kuelekea kwenye ndege, maana siwezi kuona watu wanapita nisiwahesabu. Tisa. Ngazi ikapandishwa, mlango ukafungwa, na mama wa kaunta akamgeukia bibi na kumwambia kwa upole, "Bibi yangu, leo imeshindikana. Njoo kesho asubuhi, inshallah."

Nilisimama kwenye wavu nikaitazama ndege ikizunguka. Ilikuwa ya viti kumi na mbili. Ndani walikuwamo watu tisa. Na bibi yangu, mwenye nauli na nia ya kusafiri, alikuwa amesimama nyuma yangu na sufuria yake. Wakati huo ripoti yangu ilikuwa kwenye meza ya meneja, ikisema viti vile vitatu ni vitupu kwa sababu hakuna anayevitaka.

Nilirudi kaunta. Mama yule ni mtu mzima, mwenyeji wa Chumbageni, ushungi wake umepigwa pasi kuliko sare yake, na amekaa kwenye kaunta ile tangu mimi niko shule ya msingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si wa ofisi ya Dar? Bibi yako kanitajia jina, naliona kwenye barua zenu."

"Ndiyo, mama. Ndege imeondoka na viti vitatu vitupu."

"Imeondoka imejaa."

"Nimehesabu, mama. Watu tisa."

"Imejaa uzito. Viti ni jambo jingine." Akanisogezea fomu ya safari ile, nakala yake.

Kwenye ndege ndogo kila abiria huandikwa kilo zake, ili rubani ajue anabeba nini na awapange vipi abiria mbele na nyuma. Nikashuka na kidole kwenye safu. Sabini. Sabini. Sabini. Majina tisa, sabini tisa. Mimi ni mtu wa takwimu. Hata mapacha hawalingani hivyo.

"Mama, hawa hawakupimwa."

Aliondoa miwani. "Kwani wewe umelelewa wapi?" Akanyoosha kidole kwenye mizani iliyokuwa kando ya kaunta, bati pana la chuma sakafuni, na juu yake, ukutani, kioo cha namba nyekundu kubwa zinazosomeka hadi kwenye mlango wa kuingilia. "Nimpandishe pale mama wa watu, hajja, mbele ya wakwe zake, namba zinawaka, na foleni nzima inasoma? Kama robota la katani? Siwezi. Naandika sabini, inatosha."

"Na rubani?"

"Rubani anajua. Kaoa hapa hapa. Aliniambia, mama, sabini zako hizi ni za heshima, lakini ndege haina heshima. Basi akasema tuuze viti tisa, vitatu viwe vya tahadhari. Tangu siku hiyo hatujagombana."

Nilikaa kwenye benchi kando ya bibi, nikafanya kile nifanyacho siku zote, nikalifuata jambo mpaka mwisho wake. Nikiwapa Tanga ndege ya viti tisa, rubani atatoa vitatu vya tahadhari, watapanda sita. Miezi michache baadaye kompyuta itanionyesha sita, sita, sita. Nitaandika ripoti nyingine nzuri, ya kurasa mbili: mahitaji hayazidi sita. Watapewa ya kukodi ya viti vitano, watapanda wawili. Na siku moja nitaandika, kwa takwimu zisizo na kosa hata moja, kwamba watu wa Tanga hawana haja ya kwenda Pemba.

Maswali yangu matano hayakuwa na la sita: nani anaandika hizi namba, na anamwonea nani haya?

Nilimweleza bibi yote. Alinisikiliza akimenya chungwa.

"Kwa hiyo ni wewe, mke mwenzangu, uliyeninyima kiti."

"Leo si mimi, bibi. Mimi ningekunyima kuanzia mwezi ujao."

"Ahsante kwa taarifa," akasema. Kisha akainuka kutafuta mahali pa kutupa maganda, na kwa kuwa magoti yake hayampendi, na kwa kuwa pale kando ya kaunta palikuwa na kitu kifupi kipana mfano wa kibao cha mbuzi kilichokosa mbuzi, akakaa. Kikapu mapajani, sufuria juu ya kikapu.

Ukutani pakawaka: 91.

Ukumbi mzima ukageuka. Mama wa kaunta akashika mdomo. Walikuwapo wanawake watatu wengine waliokuwa wakisubiri ndege ya Dar es Salaam, na mzee mmoja mwenye baiskeli, na wote wakaisoma. Bibi naye akainua uso, akaisoma taratibu, maana aliwahi kusoma kisomo cha watu wazima na hataki usahau.

"Tisini na moja!" akasema. "Machungwa mazito haya!"

Wakacheka wote. Mmoja wa wale wanawake, mnene kumshinda bibi mara mbili, akasogea na begi lake. "Hebu nipime na langu. Mume wangu anasema nimebeba mawe." Akapanda, begi mkononi. Ikawaka namba ambayo siitaji, akapiga makofi: "Mawe kweli!" Wa tatu akawa anasubiri zamu. Hakuna aliyeona haya. Namba ilikuwa ya mtu na mzigo wake, na kila mmoja alikuwa huru kuulaumu mzigo.

Mimi na mama wa kaunta tukatazamana.

"Kisha begi unalipima peke yake," nikamwambia, "likienda nyuma. Unapunguza kilo zake kwenye karatasi. Hakuna anayeona."

"Na kile kioo?"

"Tukigeuze. Kikutazame wewe."

Aliita mlinzi. Kioo kilikuwa kimeshikwa na skrubu mbili tu. Kwa miaka yote ile, skrubu mbili. Mlinzi akakigeuza kwa bisibisi ya kufungulia redio yake, kikawa kinaitazama kaunta. Mama akakitundikia kitambaa cha kufumwa pembeni, kama cha kwenye televisheni ya nyumbani, ili hata mwenye shingo ndefu asichungulie.

Jumapili asubuhi walipimwa wote, kila mtu na mzigo wake mkononi. Mwanafunzi mmoja wa kike, mwembamba, alitoka kilo arobaini na sita. Kwa mahesabu ya heshima naye angekuwa sabini. Niliona kwamba heshima ilikuwa imewapunguza wengine na kuwanenepesha wengine, na mimi huko Dar nilikuwa nikisoma matokeo.

Rubani alikuja kuchukua fomu, akaanza kuikunja kama kawaida yake, akasita, akaikunjua.

"Mama, leo kuna nini? Hazilingani."

"Zimepimwa."

"Wallahi?"

"Unataka niape kwa kilo?"

Alitoa kalamu, akainama kwenye kaunta. Akajumlisha abiria, akajumlisha mizigo, akaweka mafuta ya kwenda na ya kurudi, maana kampuni yetu haijazi mafuta kule. Mimi nilikuwa nimeshajumlisha mara tatu kichwani na nilikuwa na jibu, lakini nilinyamaza, nikihofia kwamba nimekosea na kwamba nikisema nitamkosesha na yeye.

"Kumi na mmoja," akasema. "Cha kumi na mbili kinakaliwa na mafuta. Nani wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri?"

Bibi alikuwa ameshasimama. Wa pili alikuwa yule mwanafunzi. Bibi alipita mbele ya kila mtu na kikapu chake, akanigeukia mlangoni: "Dirishani, mke mwenzangu!" Hakupata dirishani. Alikaa nyuma kabisa, alikowekwa ili kusawazisha ndege, na nilimwona akimweleza jambo jirani yake hata kabla injini haijawaka.

Kabla sijaondoka, nilimwambia mama wa kaunta kwamba kesho nitapeleka fomu mbili kwa meneja, ya Jumamosi na ya Jumapili, na kwamba ile ya Jumamosi itaonyesha sabini tisa. Usiku uliotangulia sikulala vizuri kwa ajili ya hilo. Sikutaka kuokoa ndege na kumpoteza yeye.

"Andika," akasema.

"Naweza kusema ni mazoea ya kituo, nisitaje—"

"Mwanangu, andika ni mimi. Andika nilikataa kuwaaibisha watu wazima. Kama ni kosa, ni la kwangu, silionei haya. Ila na kitambaa ukitaje."

Jumatatu niliingia kwa meneja saa moja kabla ya kikao. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndani ya basi, kuanzia Segera hadi Chalinze. Ikanitoka yote. Nikaweka fomu mbili mezani na kusema, "Ripoti yangu ina kosa. Naomba isiende."

Alizisoma moja baada ya nyingine, safu kwa safu. Chai yake ilipoa.

"Wiki iliyopita uliniandikia tisa wanatosha," akasema. "Leo unaniambia tisa ni ukuta, si mahitaji. Nimwamini yupi kati yenu?"

"Wa leo, mzee. Wa wiki iliyopita hakuwa amefika uwanjani."

Nilidhani nimekosa adabu. Nilikuwa tayari naiona barua ya kuachishwa kazi. Lakini alichukua ripoti yangu, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya kikombe kama kisahani. "Mwezi mmoja," akasema. "Tanga inabaki na kumi na mbili kwa mwezi mmoja, inapimwa kama hivi. Tuone. Na huyu mama…" Akaigusa fomu ya Jumamosi. "Huyu mama mwulize kitambaa kile kafuma mwenyewe?"

Mwezi ule nilifungua kompyuta kila asubuhi kabla ya kuvua mkoba begani. Kumi. Kumi na mmoja. Kumi na mmoja. Siku moja ya wanafunzi kurudi likizo, wote wembamba, kumi na wawili, nami nikatoka nje ya ofisi nikasimama kwenye ngazi kwa dakika nzima, nikitabasamu kama mtu aliyetumiwa picha ya mtoto mchanga. Mbugani walipata ndege yao kutoka njia nyingine, ambayo ile ya viti tisa iliitosha kweli. Najua iliitosha kwa sababu nilikwenda mwenyewe, nikakaa kwenye benchi la uwanja ule siku mbili, kabla ya kuandika neno.

Kisha likatoka agizo la ukurasa mmoja kwa vituo vyote vya ndege ndogo: abiria apimwe akiwa ameshika mzigo wake, na kioo cha mizani kielekee kwa mhudumu. Nililiandika mimi, salamu niliiandika mara moja tu. Mama wa kaunta alinipigia simu siku hiyo hiyo. Nyuma yake nilisikia watu wakicheka kwenye mizani.

"Umeona?" akasema. "Sasa nchi nzima inapima kama Tanga."

Nilithibitishwa kazini. Ratiba ya msimu mpya ilipochapishwa, baba aliomba nakala. Nilimwambia ni jedwali tu, halina maana kwa mtu wa nje, halina hata jina langu. Akasema lete. Ameliwekea fremu, limetundikwa sebuleni kando ya picha yangu ya mahafali, na mstari mmoja ameupigia wino wa kijani: Tanga–Pemba, na mwisho wake, kwenye safu ya aina, 12.

Niliporudi nyumbani nilimkuta anamwonyesha muuza mkaa.

"Jina lake liko wapi?" jirani akauliza, pua karibu igonge kioo.

"Jina la nini? Tazama namba hiyo. Ilikuwa iwe tisa."

Jirani akaitazama kwa heshima, akatikisa kichwa. Kisha akashuka na kidole taratibu, mstari kwa mstari, hadi chini kabisa ya ukurasa.

"Sawa," akasema. "Na ya Muheza?"